Nilimsahihisha Mjane Akimlilia Mumewe

Mama Ogoi mpendwa, naomba unisaidie katika safu yako ya ushauri gazetini, tena kabla ya siku ya arobaini ya marehemu kaka yangu Semoi, kwa sababu mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi, nilifundisha Kirusi shuleni maisha yangu yote, na tangu nistaafu nawafundisha watu wa kijiji chetu cha Vieljärvi Kikareli chao wenyewe, walichozaliwa nacho, nao kwa adabu hujifanya wanajifunza, na sasa nimetenda jambo ambalo naona hata mbwa wangu hulikumbuka kila akinitazama.

Tulikuwa makaburini, jeneza bado liko wazi, na shemeji yangu Palaga, mke wa marehemu, alikuwa amejifunika uso kwa leso akimlilia mumewe kwa maneno ya kilio kama walivyofanya mama zetu, na hapa kijijini ni yeye tu aliyebaki anayeyajua, akaimba, "Enyi vijua vyangu vidogo, mbona mmetua mchana?" nami, Mungu anisamehe, nikasikia wingi mahali pa umoja, kidole kikainuka chenyewe kama cha darasani, nikasema kwa sauti, "Ewe kijua changu, shemeji! Marehemu ni mmoja!"

Hata wachimba kaburi waliacha kutafuna pai zao za samaki. Palaga akafunua uso.

"Haya, mwalimu," akasema, "mlilie wewe basi."

Akakunja leso, akaitia mfukoni, na kaka yangu akazikwa bila neno, kama gunia la viazi.

Tangu siku hiyo ananisemesha Kirusi tu, Kirusi safi, Mama Ogoi, kisicho na kosa hata moja, kwa hiyo sina pa kumshika. Nilikwenda kumwomba radhi, lakini katika kuomba nikamweleza pia kwamba kanuni ilikuwa upande wangu, naye akafunga mlango. Anasema siku ya arobaini atapika na ataweka sahani ya Semoi mezani, ila hatalia, na wewe unajua kwamba roho huzungukazunguka nyumbani mpaka siku hiyo na kilio ndicho kinachoifungulia njia, sasa ndugu yangu atatokaje? Nimetunga kilio mwenyewe, kila kitenzi mahali pake, nikamsomea jirani yangu Jeffim. Alijikuna kichwa.

"Huoti," akaniambia, "Semoi akisikia hii atadhani anaitwa kwenye mkutano wa ushirika. Na mikutano alikuwa haendi."

Nifanye nini?

Huoti, Vieljärvi

*

Mwalimu Huoti,

Pole kwa msiba. Pole ya hayo mengine sina, maana uliyachokoza mwenyewe. Nilicheka mpaka chai ikamwagika, kisha nikamfikiria Palaga na leso yake mfukoni, kicheko kikaniisha.

Umezeeka ukijua kila kanuni isipokuwa hii waliyoijua bibi zako: katika kilio marehemu hatajwi kwa jina, wala haitwi "wewe" kama mtu anayeitwa dukani. Huviringishwa ndani ya maneno madogo, tena ya wingi, kwa kuwa huko aendako maneno yetu ya kila siku hayaeleweki. Palaga hakukosea hesabu. Alikuwa na mume mmoja, anajua. Uliyekosea ni wewe, na ulikosea sarufi, mwalimu!

Nadhani uliogopa kulia mbele ya watu, ukakamata kitu ulichokizoea. Hilo naweza kulielewa. Lakini ulimnyang'anya mjane kilio chake, kisha ukaenda mlangoni kwake kudai kwamba kanuni ilikuwa upande wako. Radhi gani hiyo? Barua yako ina sentensi ndefu kama reli ya Murmansk, nami nimeichapa ilivyo, kwa sababu nilielewa inapouma.

Kilio chako cha ushirika kitie jikoni kiwashie moto. Kesho nenda kwa Palaga. Usigonge mlango, mpasulie kuni na umwashie sauna, bafu lake la mvuke. Akitoka kukuuliza kwa Kirusi unataka nini, mjibu kwa Kikareli: "Shemeji, nifundishe kumlilia kaka." Atakutukana. Sikiliza matusi ni ya lugha gani, na yakiwa ya Kikareli, shukuru, ingia ndani, ukae chini. Yale atakayokufundisha yaseme kama anavyoyasema yeye, wingi na vyote, na kalamu iache nyumbani.

Siku ya arobaini aliaye huhitaji mtu wa kumshika mkono asianguke. Omba uwe wewe. Na nikuonye, wajane wa aina ya Palaga nawajua: katikati ya kilio atakosea neno kwa makusudi, tena neno rahisi la mtoto, aone utafanya nini. Usimsahihishe, na usinyamaze pia. Lirudie kosa hilohilo kwa sauti, wanafunzi wako wote wasikie.