Mwambie Rukia Sitamfuata

Kensington, Johannesburg

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Natumai goti limekupa nafuu, na kwamba mvua za Tanga hazijakufungia ndani. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio si mzima, sina la kukuficha.

Rukia amehama. Hospitali moja ya Tuvalu ilihitaji mkunga, naye akaenda na mwanawe Salma. Niliitafuta nchi hiyo kwenye ramani yangu ya zamani, nikaikuta nukta katikati ya Pasifiki. Anasema kisiwa ni chembamba, ukisimama barabarani unaona maji kushoto na kulia. Wanakunywa maji ya mvua, na jioni watu hucheza mpira kwenye njia ya kurukia ndege.

"Baba, kuna minazi. Njoo, utajiona uko kwenu."

Mnazi peke yake hautoshi, dada.

Salma hunitania kwenye simu. Huku najiandaa kulala, kule yeye anavaa viatu vya shule. "Eish, Babu, wewe bado uko jana!" Anacheka, nami nacheka.

Alhamisi ya kwanza sikucheka. Unajua tangu Zulfa wangu afariki, kila usiku wa Ijumaa mimi na Rukia tulimsomea mama yake Yasini, tukipokezana aya. Basi baada ya magharibi niliweka misahafu miwili mezani kama kawaida, nikampigia. Akapokea na sauti ya usingizi.

"Baba, huku kunakaribia kucha. Usiku wa Ijumaa ndio huo unakwisha."

Nikamwambia alale. Nikasoma peke yangu, na kila nilipomaliza aya nilinyamaza kidogo, kumwachia nafasi yake.

Sasa anataka nimfuate baridi ikiisha. Nilimuuliza kule watu huzikwa wapi. Akasema karibu na nyumba zao, na ukichimba sana unakuta maji. Alidhani naulizia kaburi langu. Mimi nilikuwa nawaza la Zulfa. Nikiondoka, nani atakwenda kung'oa majani pale? Katika mji huu hana mtu mwingine.

Nilimjibu, "Inshallah, mwanangu." Kumbe amekwisha kunitengea chumba.

Wewe ni shangazi yake, na kwetu neno zito kati ya baba na binti hupitia kwa shangazi. Mwambie Rukia sitamfuata. Mwambie ni mimi niliyemtoa mama yake Tanga nikamleta huku, siwezi kumwacha ugenini peke yake. Akilia, usimkatize.

Nisalimie shemeji, na mwanao Athumani fundi seremala, na Bi Kibibi jirani yetu aliyetufundisha kusoma. Niombeeni.

Na tafadhali, usimwambie kwamba kila Alhamisi bado naweka misahafu miwili.

Mdogo wako,
Hamisi