Walimkamata Edwini Musonoi

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Dada aliyekupa barua hii anaitwa Beatrisi. Mpe kiti na maji kwanza, ndipo usome. Ni nani kwetu nitakueleza huko mbele. Goti lako linaendeleaje? Na Baba, kifua kimetulia tangu baridi ipungue? Mimi ni mzima. Edwini naye ni mzima, Mama. Nimemwacha sasa hivi akilalamika kwamba mboga haina chumvi, na mwanao akianza kulalamikia chumvi unajua amepona.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba amepatikana. Ulilia, nami nikalia, salio likaisha. Kwa hiyo nakuandikia yote kwa utaratibu, maana ukimwuliza Beatrisi utaelewa nusu ya Kiswahili chake, na nusu nyingine utaielewa vibaya. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi.

Edwini alikuwa ameleta chokaa, ile wanayoitumia viwandani kwenye kazi ya shaba. Alishusha salama, akaegesha lori hapa kwenye yadi ninakofanya kazi ya ukarani, akaniambia anakwenda Musonoi kumwona fundi wa tairi. Hakurudi. Simu yake haikuita. Uliponipigia ukauliza mbona mwanao hapokei, nilikwambia ngoja nimtafute.

Kesho yake asubuhi dereva mmoja wa pikipiki alisimama getini bila kuzima injini, amebeba abiria.

"Mama, we njo dada ya ule shofere wa Tanzania, Edwini?"

"Ndiye mimi."

"Balimukamata ku Musonoi. Usiogope."

Abiria akamgonga begani kumhimiza, pikipiki ikaondoka. Mama, "usiogope" ndiyo iliyonimaliza kabisa. Musonoi iko kando ya mashimo ya shaba, na hakuna kitu madereva wetu wanachokiogopa kama kusingiziwa wizi wa shaba. Unajua kila jioni naandika shajara. Siku ile niliandika asubuhi ileile, neno moja tu, "Amekamatwa", kalamu ikanishinda.

Madereva waliokuwa wakisubiri zamu walinizunguka. Bwana Mwansa, Mzambia anayeleta unga, alisema haondoi lori lake mpaka tujue Edwini yuko wapi. "Leo yeye, kesho mimi," alisema, na wenzake wakatoa funguo kwenye malori wakatia mifukoni. Basi yadi nzima ikalala. Unga haukushuka, shaba haikupakiwa. Mkuu wangu wa kazi alizunguka akiwabembeleza kama watoto waliogoma kula. Mchana ulipofika, akina mama wanaouza unga sokoni walikuwa getini wakiuliza kulikoni.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu, Mama Kapinga. Watu wake asili yao ni Kasai, babu yake aliletwa kufanya kazi mgodini, naye amezaliwa hapahapa. Nilimwambia polisi wamemshika mdogo wangu. Hakuuliza la pili. Alijifunga kitenge kiunoni akasema, "Tuende."

Polisi tulimkuta ofisa mmoja anakula karanga.

"Shofere wa Tanzania? Hapana, mama. Hatukufunga muntu wa Tanzania."

"Msinifiche, tafadhali. Nimeambiwa amekamatwa."

"Banani balimukamata?"

"Si nyinyi! Mwenye pikipiki ameniambia kwa kinywa chake, balimukamata ku Musonoi!"

Mama Kapinga akanishika mkono. "Ngoja, Neema. Alisema balimukamata, ao balimufunga?"

"Si ni lilelile?"

Mama, yule mwanamke alipiga makofi akacheka mpaka akaegemea ukuta wa polisi. "Neema weh! Kukamata haiko kufunga! Bantu balimukamata: balimubeba, balimutia mu nyumba yabo!"

Ofisa naye akacheka, karanga zikamwagika. "Kiswahili yenu ya Tanzania ni ya mu buku," aliniambia, "lakini bantu hamubasikie." Huku mtu akisema hakusikii, maana yake hakuelewi. Hilo nililijua. La kukamata sikulijua, na nimekaa nao muda wote huu nikijiona mjuzi kwa sababu sarufi yangu ni safi.

Hatukungoja kucheka zaidi. Tulikodi pikipiki mbili hadi Musonoi, Mama Kapinga akiuliza nyumba hadi nyumba, na kila aliyeulizwa alijua: shofere mgonjwa yuko kwa Tata Kasongo. Huyo ni mzee mstaafu wa mgodini, mtu wa upande wa Kongolo. Tukamkuta Edwini kwenye godoro sebuleni, macho yameingia ndani, chupa ya maji ya dripu imening'inia kwenye msumari wa dirisha. Malaria ilimwangusha karibu na mlango wao, simu ikatumbukia mtaroni ikafa. Binti wa mzee na jirani mmoja walimbeba. Binti huyohuyo alimwita muuguzi, kisha homa ilipopungua na Edwini akaweza kutaja jina langu na yadi, akamtuma mwenye pikipiki.

Nilipiga magoti mbele ya Tata Kasongo. Akaninyanyua.

"Mama, simama. Unga ya bukari yetu inatoka wapi? Inakuya na lori. Shofere akilala mu barabara, shiye wote tunalala na njala." Bukari ndiyo ugali, Mama. Kisha, Mama Kapinga alipomsimulia ya polisi, akakunja uso. "Na weye ulienda kutushitaki ku polisi?"

Edwini alijaribu kucheka, akakohoa.

Niliporudi yadi na habari, Bwana Mwansa alitoa ufunguo mfukoni, akawasha, na wengine wakafuata. Mimi kazi yangu ni kuandika nini kimeingia na nini kimetoka: unga wa Zambia, chokaa, shaba inayokwenda nchi ambazo sitaziona. Siku ile niliona jinsi vyote vinavyoweza kusimama kwa ajili ya mgonjwa mmoja, na nikafurahi kwamba mgonjwa huyo ni wetu.

Nisalimie Baba sana, na baba mdogo Ambakisye fundi cherehani, mwambie suruali aliyomshonea Edwini sasa inampwaya. Nisalimie shangazi Tusajigwe anayetuombea kwa sauti kubwa.

Sasa huyu Beatrisi aliyeketi mbele yako. Ndiye binti wa Tata Kasongo. Mikono hiyo inayoshika kikombe chako ndiyo iliyomwinua Edwini kutoka barabarani. Anakwenda Dar kununua vitenge. Safari iliyopita, akirudi, mpaka ulifungwa akiwa hapo kwenu Tunduma, akalala ameketi juu ya mabegi yake, kwa sababu hakumjua mtu na kila alipouliza njia watu walikicheka Kiswahili chake.

Mama, mkamate.

Binti yako,
Neema