Nusu Hatua Pembeni

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na kikohozi cha mama kiwe kimepungua. Mimi sijambo, ila goti. Mama usimwambie habari ya goti.

Uliniuliza nafanya kazi gani chuo kikuu, na darasa la sita lenyewe sikulimaliza. Dada, kazi yangu ni kutembea. Yupo binti anasomea udaktari, lakini si wa kutibu; nilipomwonyesha goti alicheka, akasema, Mjomba, mimi hata mafua siyawezi. Anasomea kuifundisha roboti isiumize watu. Ni kama kabati lenye magurudumu, la kubebea dawa. Mimi nakatiza mbele yake, nayo inatakiwa isimame kabla ya kunifikia. Binti macho yake yako kwenye kompyuta, anahesabu. Mwaka mzima, zaidi ya mara mia sita, haikunigusa. Wenzake wakamtania kwamba roboti yake inaniogopa kama mkwe.

Wiki ya mwisho ya majaribio binti alitoka kupokea simu, akaniambia niendelee. Nikakatiza, goti likagoma, na kile kitu kikanigonga muundi wa mguu mpaka nikakaa chini. Pale sakafuni ndipo nilipoelewa. Unajua nimebeba magunia sokoni miaka kumi na minne. Mkokoteni ukija, mguu unapisha wenyewe, haukuombi ruhusa. Kumbe mwaka mzima nilikuwa naipisha, nusu hatua tu, na mwenyewe sina habari. Kila alipoandika kwamba imesimama, mimi nilikuwa nimeshasogea.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Nilifuta damu, nikashusha suruali, na binti aliporudi nikamwambia mambo salama. Mtihani wake ulikuwa keshokutwa, na alikuwa halali wala hali. Nilimwonea huruma. Nami pia niliogopa kufukuzwa, nisikufiche. Akafaulu. Siku hizi anaitwa Daktari, na alinikumbatia mbele ya walimu wake wote.

Juzi nikasikia roboti inapelekwa hospitali, wodi ya wazee. Dada, wale watapishaje? Nikamfuata nikamweleza yote, nikamwonyesha kidonda. Alinisikiliza kwa adabu, akasema labda nilijikwaa, maana vipimo viko wazi. Nikaenda kwa profesa wake. Yeye aliniuliza nimesoma mpaka wapi, kisha akanishukuru kwa kuja.

Kesho asubuhi lori linakuja kuichukua, na mimi ndiye nimepangiwa kuipakia. Nitaipakia. Nikikataa wataita mwingine, na itafika tu.

Nisalimie mama, shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Ukikutana na mtu aliyesoma, niulizie ningesemaje ili nisikike.

Ni mimi mdogo wako,
Bega