Glasi ya Mbolea

Swahiba, nimeumbuka. Tena ndani ya nyumba yangu.

Unalijua lile tangi langu la maji ya chumvi, lenye matumbawe ambayo shemeji yako anayapenda kuliko anavyonipenda mimi. Yamekuwa yakipauka. Lakini kila nikipima kwa zile chupa za dawa naitreti, ule uchafu unaotokana na mavi ya samaki, rangi ni njano, yaani maji safi. Nikamwambia yamezeeka tu, mbona hata mimi nimepauka.

Leo kaniangalia weee. Akajaza glasi maji ya bomba, akatia mbolea ya maua yake, akasema, "Haya, pima na haya."

Mbolea, swahiba! Naitreti tupu!

Nikapima. Njano. Safi kama machozi ya malaika.

"Kwa hiyo, daktari wa bahari, ninywe?"

Nikaanza kukilaani kiwanda kilichotengeneza hiyo dawa ya kupimia. Yeye akavaa miwani, akasoma ile karatasi ya maelezo ambayo sijawahi kuikunjua. "Chupa ya pili itikiswe kwa nguvu, dawa hutuama chini. Mume wangu, wewe huitikisa?"

Mimi huiinua taratibu, kama manukato. Bega langu bovu unalijua.

Akaitikisa yeye, akapima maji ya tangi. Nyekundu! Nyekundu ya kutisha! Hata hakucheka. Kasema tu, "Maskini, yanakufa na wewe unayasifia maji."

Hapo ndipo nilipochoka, hata kabla ya ndoo.

Sasa nabeba ndoo za maji mapya ya kubadilisha tangini. Tumbawe moja bado lina rangi. Shemeji yako amekaa mbele yake, hataki kuondoka.

Watu wakiuliza mgongo umeumiaje, sema nilipigana na papa.