Kibao cha Mama Mlangoni

Kaka Ouma,

Natumai wewe na nyumba yako mko wazima, na kwamba malengelenge ya jembe yamepona mikononi mwako. Mimi niko sawa hapa Kawangware. Mama naye anaendelea vizuri, anakula, na anagombana na jirani yangu kuhusu redio. Ningekupigia simu, lakini chumba changu ni kimoja, na unajua masikio ya mama hayajawahi kuugua.

Nimesikia mmezika mgomba kwenye kaburi mlilomchimbia mama. Asante. Kaburi likishachimbwa halilali tupu, tulifundishwa hivyo tangu tukiwa wadogo, na heri limeze mgomba kuliko kukaa wazi likimngoja mwenyewe. Lakini kaka, simu yangu haikupatikana siku moja tu! Unaonyeshwa picha ya kibao chenye jina la mama, na moja kwa moja unashika jembe? Mjomba akapiga nduru, boma likajaa, ng'ombe akachinjwa. Na mama alikuwa hapa, anachambua omena za chakula cha jioni.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Pale Mashimoni, Kibera, anakoishi mama, kuna kamati ya historia ya mtaa. Wanabandika vibao kwenye nyumba za watu waliofanya jambo, kama yule mzee aliyefungua kioski cha kwanza cha maji. Kanuni yao ni kwamba mtu awe amekufa, maana walio hai wangepigania nafasi. Mama amezalisha nusu ya mtaa ule, kwa hiyo walikuwa wanamngoja tu. Homa ilipomzidi, vijana walimbeba kwa blanketi hadi barabarani, nikamleta kwangu. Majirani waliona blanketi, wakaanza kusikitika, na hakuna aliyeuliza. Mwenye nyumba naye akawapa kamati chumba cha mama pamoja na vyote vilivyokuwa ndani, wakifanye makumbusho.

Nilipompigia mwenyekiti kumwambia kwamba mama yuko hai na anakula ugali, alisikitika kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Aki pole," akasema. "Lakini kibao ishachongwa, na wageni wanakuja Saturday. Si umkalishe tu huko Kawangware kiasi? Na vile amezeeka, haitakuwa mrefu."

Nilimtukana, kaka, matusi ambayo mama hakunifundisha. Mama mwenyewe sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi? Kila asubuhi alikuwa anakunja nguo zake na kusema akipata nguvu anarudi kwake. Basi nguvu zikaja Jumamosi hiyohiyo. Akaoga, akafunga kitambaa cha kanisa, akasema nisipompeleka atatembea kwa miguu. Unamjua. Nikampeleka.

Kibao ni kizuri, sitasema uongo. Kimechongwa, "Hapa aliishi Mama Perpetua, mkunga wa Mashimoni. Alitupokea sote." Mama hasomi, akadhani ni namba mpya ya nyumba, akasifu rangi yake. Ndani, kitanda chake kimetandikwa shuka jipya na mbele yake imefungwa kamba. Beseni lake liko juu ya meza, limesuguliwa likang'aa. Wageni wamejaa, na anayewaeleza mambo ni Brayo, kitinda mimba wa yule mama muuza makaa. Mama akainua kamba, akaketi kitandani pake, akaanza kuvua viatu.

"Mathe, hapo hapakaliwi," Brayo akamwambia. "Hiyo bed ni ya marehemu."

"Brayo, wewe ulitanguliza miguu," mama akasema. "Nilikuvuta hapahapa, mama yako akiniuma mkono."

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja akamwomba arudie, kwa sababu hakuwa amewasha kamera.

Brayo alimtambua, kaka. Nilimwona akimtambua. Akatazama chini, halafu akamshika mkono kwa upole kabisa, akamtoa nje, akarudi kwa wageni wake. Nawachukia wote, na wewe pia nakuchukia kidogo, nisikufiche.

Sasa hana kwake Kibera, na hapa kwangu tunalala kwa zamu ya ubavu. Anataka kuja nyumbani. Wewe unasema wazee wanasita, eti mtu akishaliliwa halafu aingie langoni analeta mkosi. Wazee hao, kabla mama hajaja mjini, nani aliwakata vitovu watoto wao? Njoo umchukue wewe mwenyewe, umwingize mchana, watu wote wakiona.

Msalimie shemeji. Msalimie mjomba, mwambie sauti aitunze, kuna siku itahitajika. Na wale kina mama wa kanisa waliokula ng'ombe wa matanga, waambie marehemu anauliza, nyama ilikuwa tamu?

Siku ile tukitoka Mashimoni mama alitembea mbele yangu mpaka Soko la Toi. Akasimama katikati ya marundo ya mitumba, akanishika kiwiko.

"Achieng', niambie ukweli," akasema. "Nilikufa lini?"

Wewe ndiye uliyechimba kaburi. Njoo umjibu.

Dada yako,
Achieng'