Pindo la Pazia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Umeshindaje? Utacheka, mtu uliyemnywesha chai kwa kijiko anakujulia hali kwa barua, tena kutoka chumba cha pili. Mimi nipo. Macho yanaona viwili viwili, miguu imegoma, na nikisema natoa mate tu, ila mkono wa kulia bado unanitii nikienda polepole.

Unakumbuka tulivyohangaika mwaka jana. Nilipoanza kuyumba, wateja walisema fundi kaanza ulevi, ukagombana nao mlangoni. Tukapewa dawa za masikio, tukapewa miwani. Kisha yule daktari mama akanipiga picha ya kichwa, akatuonyesha vidoa kwenye shina la ubongo, kama pilipili manga iliyomwagika. Alisema kinga ya mwili wangu imenigeuka na kulivimbisha shina hilo, ugonjwa wa nadra, na nisiache vidonge vyake hata siku moja bila ruhusa. Baada ya wiki nilitembea mwenyewe hadi kwenye cherehani. Ulilia siku ile, nami nilijifanya sikuoni.

Jana kliniki daktari alikuambia kwamba kama nimemeza dawa zote na bado nazidiwa, huenda ugonjwa ni mwingine. Kesho asubuhi wanitoboe fuvu wachukue kipande cha ubongo wakapime, na hakukuficha kwamba naweza nisiamke. Ukamwapia kwamba unanipa dawa kwa mkono wako kila siku. Nilijaribu kusema, ukanifuta mate, ukamwambia nimekubali. Nilikuwa nimelala pale nasikia kila neno, sina pa kutokea. Naogopa, dada.

Hukusema uongo. Ulinipa, mimi sikumeza. Vidonge vilinivimbisha uso, kola niliyojikatia mwenyewe ikakataa kufunga, usingizi ukanikimbia, nikajiona nimeshapona. Nikawa naviweka shavuni mpaka utoke, halafu navishona ndani ya pindo la pazia la chumba hiki. Wiki sita. Wewe mwenyewe ulilisifu kwamba siku hizi linatulia hata upepo ukivuma. Tangu juzi nameza kweli, lakini nimechelewa.

Naona aibu kwamba nimekuumbua mbele ya daktari. Nisamehe. Mkasi uko kwenye droo ya cherehani. Fumua pindo, umpelekee vidonge vyote leo kabla hajatoka kazini, umwombe aanze upya na dawa kabla ya kisu.

Nisalimie shemeji na watoto. Usiwaambie nilichofanya, nataka niwaambie kwa mdomo wangu.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,
Fundi