Rafu za Jikoni Kwetu

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimeshakwenda zake. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila mdomo wake uko palepale, hauugui. Mimi mwili mzima, lakini roho iko juu juu: naketi, nasimama, namimina chai inapoa, namimina nyingine. Utajua kwa nini. Soma mpaka mwisho, usirukeruke kama kawaida yako.

Kwanza, ule mchezo wa kompyuta tuliokuwa tukiutengeneza kazini umetoka. Nilikwambia ni wa bunduki: mchezaji hajioni mwili, anaona mikono yake tu na mtutu mbele yake, kipimo cha mionzi kinalia tik tik, na majambazi wamejificha kila kona. Ambacho sikukwambia ni kwamba mji wenyewe ni mji wetu, ule tuliohamishwa mbiombio ulipolipuka mtambo wa nyuklia. Fundi wa majumba humo ndani ni mimi. Bosi alitaka nyumba moja yenye uhai kweli kweli, nami nikaijenga ya kwetu, mpaka ule mlango wa jikoni uliokuwa ukigoma kufunga.

Mama alipopata habari, hapakukalika. Alitaka kuiona leo leo. Nikamketisha mbele ya skrini, nikamtia pedi ya kuchezea mkononi. Ungekuwepo, kaka, ungevunjika mbavu! Kwanza alitazama dari tu, halafu akawa anatembea akigonga kuta. Jambazi alipompiga risasi, alimuuliza kwa ukali amelelewa na nani. Alipofika mlangoni kwetu akabisha hodi, akataka kujua bunduki inawekwa wapi, maana kwake haingii mtu na silaha. Nikamwonyesha kitufe cha kuitupa. Tangu hapo kila akirudi kutoka kazini na kuucheza, bunduki huiacha kizingitini, huingia mikono mitupu, na huuawa kabla hajafika kwenye sinki. Hakomi! Mwishowe niliwaondoa majambazi kwenye nakala yake. Bosi akijua, nimekwisha.

Nilidhani atatosheka. Wapi! Kumbe nilikuwa nachochea moto. Mamlaka ilipotangaza kwamba waliohamishwa wanaruhusiwa kwenda kuangalia makwao kwa saa chache, yeye alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Basi linaondoka mwisho wa mwezi. Amenunua ufagio mpya, kaka, na kitambaa cha kufutia meza. Kila akiniuliza kama nyumba imechakaa sana, najibu imechakaa kidogo, kisha natoka mbio kwenda kununua kitu nisichokihitaji.

Sasa nikwambie lililonikwama kooni. Nyumba haipo. Tulipopelekwa na bosi kuupiga picha mji, kabla hatujaanza kuujenga mchezo, nilichepuka kuitafuta. Mtaa wetu wote umebomolewa na matingatinga na kufukiwa kwa sababu ya mionzi. Pamebaki majani na bango la njano la hatari. Nilisimama pale nikalia mpaka mpiga picha akaja kunishika mkono. Niliporudi nilimkuta mama ananingoja mlangoni, akauliza kama ipo, nami nikajibu ipo. Basi. Vyote nilivyovijenga kwenye mchezo nimevitoa kichwani mwangu.

Jana nikasema liwalo na liwe, nimweleze kabla hajapanda basi. Nilimkuta kwenye mchezo, amesimama jikoni, haendi kokote. Sijafungua mdomo, akaniuliza kwa upole mbona rafu ziko juu hivi. Alisema sinki linamfika kidevuni, na sufuria yake kubwa haioni mpaka ainue kichwa. Akasema aliyelijenga jiko hili hakwenda kulipima, ni mtoto aliyekuwa akimtazama mama yake kutoka chini. Na kweli, tulipohama nilikuwa hata shule sijaanza.

Njia ya mwongo fupi, kaka. Alikuwa amejua tangu siku ile ya kwanza aliyoucheza, kwa sababu nyumba ingekuwepo ningeipima. Nililia kwa kwikwi, nikamweleza yote, majani na bango. Nikamuuliza basi ufagio ni wa nini. Akasema mahali alipolelea wanawe hapaachwi hivi hivi. Kama ni majani, atafagia majani.

Ameniagiza nizishushe zile rafu aifikie sufuria yake. Lakini nizishushe kiasi gani? Wewe ulikuwa umeshamaliza kurefuka, na ndiwe uliyekuwa ukitumwa kuiteremsha kwa sababu ya uzito wake, ukinung'unika. Tafadhali simama ukutani, ufumbe macho, unyanyue mkono kama ulivyokuwa ukifanya. Wifi apige alama hapo vidole vinapofika, kisha unipimie kutoka sakafuni. Mimi sina wa kumuuliza mwingine.

Na uje. Jina lako nimeshaliandikisha pamoja na langu, usinigombeze. Siwezi kusimama kwenye majani yale peke yangu na mama.

Msalimie wifi sana, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama naye anakusalimu. Anasema ukija uje na ufagio wako, wake haazimishi.

Ni mimi mdogo wako,
Nukta